Maswali kwa Shangazi: Umeme umekatika, turudishiwe mizunguko?

Mwezi uliopita niligusia hapa mbio za magari za kwenye kompyuta, zile ndefu za saa 6 ambazo vijana wa Mtwara na Lindi wanakesha nazo, nikasema ligi yao ina madereva wazuri ila haina kanuni. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu laptopu zinazochemka. Nyingine ni matusi. Hizo nimeziweka kando, ingawa moja imetungwa vizuri kweli.

Kwa msomaji mgeni: timu ya watu watatu inaendesha gari moja kwa zamu, kila mmoja akiwa kwao mbele ya usukani uliochomekwa kwenye kompyuta. Wanapokezana gari likiingia piti kujaza mafuta na kubadili matairi. Saa zikiisha, aliyezunguka zaidi ndiye mshindi. Mimi natengeneza kompyuta hapa Mtwara mjini na sina timu. Usimamizi wanaonipa mara mojamoja umetokana na filimbi ya netiboli niliyoipuliza zamani kwenye UMISSETA, ambako kelele za mwalimu wa timu hazikuwahi kunibadilisha uamuzi.

Shikamoo Shangazi. Sisi ni timu ya Lindi. Kwenye mbio za saa 6 za Spa, ile njia ya Ubelgiji, tulikuwa wa pili, tunamfukuza wa kwanza sekunde kwa sekunde. Kwenye saa ya tano ya mbio umeme ukakatika Mtanda yote. Tumerudi baada ya dakika 11, nafasi ya kushinda imeshakwenda. Tukaomba turudishiwe mizunguko, msimamizi akakataa. Lakini mbio za kabla ya hapo timu moja ya Mtwara ilipotea intaneti na ikarudishiwa mizunguko 2! Au kwa sababu wanakaa mtaa mmoja na msimamizi wa siku ile? — Tuliokatikiwa, Lindi Mjini

Marahaba, wanangu. Mmeleta mashtaka mawili mkayafunga kamba moja. Ngoja niyafungue.

Kwanza, msimamizi alifanya sawa kuwanyima. Njia ya Spa ina kilomita 7 na mita chache, na gari la GT3, yaani gari la mbio lililotokana na gari la barabarani, linaimaliza kwa dakika 2 na sekunde 18 hivi. Kwa hiyo dakika 11 ni karibu mizunguko 5. Haya, niwape hiyo mitano. Ila mizunguko hiyo hakuna gari lililoizunguka. Hamkuchoma mafuta, hamkula matairi, dereva wenu hakupishana na mtu gizani, wala hakupata nafasi ya kukosea. Yule wa tatu aliyekesha saa zote hizo bila kutoka nje ya mstari nitamwambia nini? Kwamba kapitwa na gari lililokuwa limezimwa?

Hata wakubwa hawarudishiwi. Januari 2023, kwenye toleo la mtandaoni la Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, Max Verstappen, ambaye wakati huo alishakuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara mbili, alikuwa anaongoza na wenzake wa Team Redline. Ghafla akatupwa nje ya mchezo. Kurudi, wenzake wameshakwenda zao, nafasi ya kushinda hakuna. Akaachana na mbio. Alifoka hadharani kwamba mashindano yale ni vichekesho, akasema mchezo wenyewe anaufuta kwenye kompyuta yake. Kufoka alikuwa na haki, maana tatizo halikuanzia sebuleni kwake. Lakini mizunguko hakurudishiwa, na mimi nasema waandaaji, pamoja na aibu yote iliyowapata usiku ule, hapo hawakukosea.

Sasa tazameni upande wa pili wa mbio hizohizo. Mapema, sava, yaani kompyuta zinazobeba mbio nzima, zilipoyumba na kuwaathiri wengi kwa pamoja, bendera nyekundu ilipandishwa, tena mara 2, kila mtu akasimama, kisha wakaanza upya. Tofauti ndiyo hiyo. Likikuangukia peke yako ni lako, likituangukia wote ni la msimamizi. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu siku moja, intaneti ya Tanzania nzima ikawa ya kuvizia. Siku ya namna hiyo hatuanzi kupima nani kapotea dakika ngapi, tunavunja mbio.

Mtaniuliza, kwani Shangazi huwezi kuwarudishia wale waliokatikiwa kweli tu? Nitajuaje? Timu moja, sisemi ya wapi, ilinililia kwamba umeme umekatika mtaa mzima, na jirani zao ukuta wa pili wanaangalia tamthilia. Luku iliisha. Nikianza kurudisha mizunguko kwa mwenye sababu nzuri, itabidi kila mwisho wa mbio nigeuke mpelelezi wa mita za watu, na mwenye maneno matamu atashinda ligi.

Shtaka la pili, lile la timu ya Mtwara. Hapo mna haki, na nalisema wazi ingawa mimi ni wa Mtwara: ile ilikuwa kubebwa. Lakini dai lenu limekaa upande. Mnataka na nyinyi mbebwe ili tuwe tumebebana sote. Dai lililonyooka ni kwamba ile mizunguko 2 ifutwe na matokeo ya siku ile yapangwe upya. Wenye ligi nimewaandikia hivyo, na nimewapa na maneno ya kuweka kwenye kanuni: gari likitoka kwa tatizo la dereva mmoja au timu moja, hairudi kitu. Sava ikianguka, au theluthi ya magari ikitoka ndani ya dakika moja, bendera nyekundu, na matokeo yanahesabiwa kwenye mzunguko kamili wa mwisho kabla ya tatizo. Mtu akiona theluthi ni kubwa aseme robo, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kuipanga namba hiyo baada ya kujua nani katoka.

Na nyinyi mjipange. Nunueni UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, inayolingana na kompyuta yenu, si ile ya kaunta ya duka ambayo ikibebeshwa kompyuta ya mchezo inalia mara moja na kuzima. Haihitaji kuwafikisha mwisho wa mbio. Inahitaji kuwafikisha piti. Pale Spa mzunguko mzima hauzidi dakika 2 na nusu, kwa hiyo popote umeme utakapowakuta piti haiko mbali: ingizeni gari, mkabidhini mwenzenu. (Kule Nürburgring, kwenye ile njia ya saa 24 ya kilomita 25, mzunguko unapita dakika 8. Hapo ombeni Mungu.) Ruta nayo iwe kwenye UPS hiyohiyo, maana kuna watu wanaokoa kompyuta huku ruta imelala, na simu yenye bando iwe imeshawashwa pembeni. Kubwa kuliko yote: mbona wote watatu mnakaa Mtanda? Tafuteni mmoja wa Masasi au Mtwara. Umeme wa kwenu ukienda, wa kwake huenda upo.

Shangazi shikamoo. Mimi niko Mikindani, naendesha iRacing, ule mchezo wa mbio wa mtandaoni, na watu wa nje. Juzi kwenye mbio za timu niko ndani ya kona, jamaa akanigonga kwa nyuma. Mchezo ukatupa pointi 4 za makosa kila mmoja. Mimi nimekosa nini? Halafu marudio yangu yanaonyesha kanivamia, na ya kwake yanaonyesha nimekanyaga breki mapema. Nani mwongo? — Niliyegongwa

Marahaba. Inawezekana hakuna mwongo, na hapo ndipo penye kazi.

Tuanze na pointi. iRacing inahesabu: ukitoka nje ya njia pointi 1, gari likikushinda ukazunguka 2, mkigongana kwa nguvu 4. Haiulizi nani kaanza. Ni kama kipima unyevu cha ghalani msimu wa korosho, hakiulizi mvua ilikukuta njiani au ulimwagia maji makusudi ili gunia liwe zito, kinasoma unyevu basi. Programu haiwezi kusoma nia ya mtu. Waliounda mfumo huu waliona kwamba kwa muda mrefu dereva anayeacha nafasi ataokota pointi chache, na anayejichomekea kila penye upenyo ataokota nyingi, hata kama kila mara ana maelezo.

Mfumo wenyewe siupendi, ila nautetea. Siupendi kwa sababu kwenye mbio za timu makosa ya madereva wote yanajumlishwa kwenye gari moja. Zile 4 ulizopewa bure zimewakalia na wenzako, na mkifika kikomo kilichowekwa kwa mbio hizo gari linaadhibiwa. Nautetea kwa sababu ni uleule kwa wote, na kwa sababu hauishii hapo. Umeonewa? Peleka malalamiko rasmi pamoja na kipande cha marudio, kuna binadamu wanayatazama. Mashine ihesabu, watu wahukumu. Ligi zetu za huku zinavuruga hapo: mtu mmoja anataka kuhesabu na kuhukumu papohapo, huku anasoma ujumbe wa matusi kwenye simu.

Sasa marudio mawili yasiyofanana. Wewe uko Mikindani, sava iko mbali, mwenzako yuko Ulaya. Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa linakula karibu mita 70 kila sekunde. Habari zake zikikufikia zimechelewa kwa sehemu ya tano tu ya sekunde, gari limeshasogea mita 14, yaani urefu wa magari matatu ya GT3 yaliyofuatana. Kompyuta yako haiwezi kuliacha linarukaruka, kwa hiyo inakisia: lilikuwa hapa, linakwenda kasi hii, basi sasa litakuwa pale. Njia ikinyooka inapatia. Kwenye breki kali inakosea, kwa sababu wewe umeshapunguza na kompyuta ya mwenzako bado inakuchora unakwenda. Kwake umesimama ghafla. Kwako kakuvamia. Kila mmoja analeta alichokiona, na kila mmoja anaapa.

Mimi nikiletewa shauri la namna hii huomba marudio ya pande zote mbili, na sekunde 20 kabla ya mgongano. Watu hupenda kuniletea sekunde 3, zile tamu. Nikishapata, siangalii mgongano kwanza. Narudi mzunguko uliotangulia, kona ileile, naangalia taa za breki za gari la mbele ziliwaka wapi. Tuseme ziliwaka kwenye ubao wa mita 100, ule unaoonyesha umbali uliobaki kufika kona. Halafu naangalia mzunguko wa tukio. Zikiwaka palepale, aliyeko nyuma ana kesi, kwa sababu dereva mwenye akili anajua aliye mbele anakanyaga wapi na anajua intaneti ya huku ikoje, hasogei mpaka kwenye bampa. Zikiwaka kwenye 130, tunaongea mengine. Mwisho natazama mikono ya wa mbele kwenye usukani: imetulia, au gari lilisogea kuziba baada ya mwenzake kuchagua upande? Mgongano wenyewe huwa naufikia nikiwa nimeshajua.

Kitu kimoja hukusema: jamaa alikuwa wa daraja lako au la kasi zaidi? Kama alikuwa na gari la kasi na wewe uko GT3, mzigo wa kupita salama ni wake. Kazi yako ni kushika mstari wako bila kubabaika. Wengi wakiona bendera ya buluu, ile ya kuonya kwamba wa kasi yuko nyuma, wanakimbilia pembeni kama wanampisha kiongozi, na ajali inazaliwa hapo.

Shangazi, sisi tuko Kilwa. Tuligongwa makusudi kabisa, tukakaa piti dakika 4 tunatengenezewa gari. Aliyetugonga kaongezewa sekunde 10 mwishoni. Sekunde 10! Kwa nini asipewe dakika 4? — Wenye hasira

Kwa sababu adhabu si fidia. Dakika zenu 4 zimekwenda, na akipewa yeye hazirudi kwenu, zinamfaidisha wa nafasi ya nne ambaye hakuhusika na lolote. Halafu angalieni hesabu hiyo inakotupeleka: mgongano uleule, gari likiwa na bahati likaendelea, mkosaji hapati kitu. Gari likiharibika, anapata dakika 4. Kosa moja, adhabu mbili. Adhabu ifuate alichofanya mtu.

Lakini kwenye sekunde 10 niko nanyi. Kwenye mbio za dakika 20 sekunde 10 zinauma. Kwenye saa 6 ni kusimama piti na kusahau kufunga mkanda. Mimi ningempitisha piti bila kusimama, ndani ya mizunguko 3 tangu atangaziwe, kwa mwendo wa piti wa kilomita 50 kwa saa. Inamgharimu nusu dakika hivi, na inamkuta bado yuko mbioni, anaiona nafasi yake ikienda. Ile ya kuongezewa sekunde baada ya bendera kushushwa inaleta ubaya mwingine: timu iliyomaliza ya pili inashangilia, inapiga picha, asubuhi inaambiwa ni ya tatu.

Makusudi ni habari nyingine. Mlisema makusudi, je mnaweza kuonyesha? Kama alipunguza mwendo akawasubiri, hiyo inaonekana kwenye marudio na haina utetezi. Mwaka 2020, kwenye mbio za mtandaoni za IndyCar, ligi ya magari ya Marekani, pale Indianapolis, Simon Pagenaud, bingwa wa mwaka uliotangulia wa Indy 500, mbio kubwa za palepale, alipunguza gari mbele ya Lando Norris, dereva wa Formula 1, aliyekuwa anaelekea kushinda, wakagongana, Norris akapoteza mbio. Dunia nzima iliona. Wa namna hiyo asipewe sekunde, akae nje ya mbio zinazofuata.

Shangazi, kwenye ligi yetu kuna mtu anaendesha zamu za mdogo wake. Jina la mdogo, mikono ya kaka. Dogo hawezi kushika hata kona ya kwanza, lakini usiku ikifika anakuwa bingwa. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. — Jicho, Masasi

Sasa umesema wewe. Na kwa taarifa ya huyo kaka, yalimkuta mtu mzima mwenye mkataba. Mei 2020 Daniel Abt, dereva wa Audi kwenye Formula E, ligi ya magari ya umeme, alimkalisha mchezaji mwingine, Lorenz Hörzing, kwenye mbio za mtandaoni kwa jina lake. Gari "lake" likamaliza la tatu. Wenzake walishtuka, akiwamo Stoffel Vandoorne, kwa sababu lilikuwa linakwenda vizuri kuliko kawaida yake. Ilipobainika akafutiwa matokeo, akatozwa yuro 10,000 za kwenda kwenye hisani, na Audi wakaachana naye. Alidhani ni utani wa kompyuta.

Kinachonisumbua kwenye ligi zetu ni kwamba hata bila udanganyifu huo, dereva dhaifu wa timu anaweza asiguse gari. iRacing wana kanuni ninayoipenda kwa sababu ni hesabu tupu. Chukua mizunguko ambayo gari limemaliza, gawa kwa idadi ya madereva, kisha gawa kwa 4. Kila dereva lazima afikishe angalau hiyo. Mbio za saa 6 za Spa gari linafikisha mizunguko kama 150. Madereva 3, kila mmoja fungu lake ni 50, robo yake ni 12 na nusu, basi 13. Yaani nusu saa na kidogo. Huyo dogo atashika usukani nusu saa, na timu nzima itakaa roho juu, na ndivyo inavyotakiwa. Le Mans ya barabarani nako wameziba upande wa juu: dereva mmoja hapiti saa 4 ndani ya saa 6, wala saa 14 kwa jumla.

Kuhusu mikono ya kaka: kamera ya simu ielekezwe kwenye usukani na uso wakati wa zamu, na kila dereva aseme jina lake kwenye kikundi cha sauti anapopokea gari. Najua bando. Video hiyo haina haja ya kurushwa moja kwa moja, irekodiwe kwenye simu na ikabidhiwe ikiulizwa. Asiyeikabidhi, zamu ile haihesabiki. Na iwe kwa timu zote, siyo kwa huyo kaka peke yake, la sivyo ataandika barua hapa mwezi ujao kwamba anaonewa, na atakuwa amesema kweli.

Dada yangu, salaam kutoka Newala. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Jumamosi moja kila mwezi hajalala mpaka alfajiri, anaongea peke yake, "ingia piti, ingia piti." Wanachezea pesa? Nimzuie? — Mama

Salaam, dada. Haongei peke yake, anaongea na wenzake wawili. Ligi ninayoijua mimi haina kamari. Wanachangia gharama ya sava, na mshindi anapata jezi. Hata hivyo muulize, na akikwepa swali nijulishe.

Kumzuia sikushauri. Mpangie zamu. Mbio hizi zinaendeshwa kwa kupokezana, na si lazima awe yeye wa saa 9 usiku. Mwambie achukue zamu ya mwanzo, saa 3 hadi saa 5 usiku, akabidhi gari, alale. Timu yake ikimwambia haiwezekani, mwambie mama yake ametumiwa ujumbe na msimamizi kwamba inawezekana sana. Jumamosi ya kabla ya mtihani asiwepo kabisa. Hapo sina maelezo marefu.

Shangazi mambo? Kila mtu anakata pale Raidillon, ile kona ya Spa, magurudumu yote nje. Kwa nini nipigwe adhabu mimi? — Anko Spidi, Ligula

Marahaba, ingawa hukunisalimia. Mstari mweupe ni mmoja, magurudumu yote manne yakiupita umetoka, na anayehesabu hapo ni programu, kwa magari yote, tangu taa ya kijani. Ulionywa kwanza, kwa maandishi, kwenye kioo cha kompyuta yako. Kama wenzako wanakata na hawaadhibiwi, huenda bado hawajamaliza maonyo yao. Wewe uliyamaliza mapema.

Shikamoo Shangazi. Niko Nachingwea. Mjomba wangu ndiye mwenye kompyuta ya sava, ndiye anayeandika kanuni, ndiye msimamizi, na ana timu yake. Ni mtu mwaminifu kweli. Watu wanalalamika tu. Tufanyeje? — Mpwa

Marahaba. Naamini ni mwaminifu, na nampa pole, kwa sababu akiamua vizuri kwa faida ya timu yake hakuna atakayemwamini, na akitaka kuonyesha hapendelei ataiumiza timu yake bila kosa. Mbio za mwisho nimesikia aliwapa vijana wake adhabu ambayo hakuna aliyeiomba. Huo nao si uamuzi.

Sava abaki nayo, bila yeye hakuna mbio. Aendelee kuendesha pia, maana ndicho anachokipenda. Filimbi aiweke chini. Wanahitajika watu wawili wasio na timu, kila shauri walitazame wote, na wasipokubaliana basi hakuna adhabu. Uamuzi utoke ndani ya saa 48, kwa maandishi, ukitaja kifungu na dakika ya tukio. Timu yenye shauri isiwapigie simu kabla ya hapo. Ikipiga, iandikwe kwamba ilipiga.

Mbio zinazofuata ni Bathurst, ile njia ya Australia, wameshatangaza. Nitumieni majina mawili kabla ya hapo. Mmoja asiwe wa Mtwara.